Theluji Iliyogawanywa Sawa

Kwa miaka saba nimesoma nguzo za mto wa barafu ambao sijawahi kuukanyaga. Uko karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mimi niko kijijini Daudi, Mbulu, katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu, na dirisha langu linatazama shamba la mahindi. Huko kuna kamera iliyofungwa kwenye mwamba. Kila siku, mchana, hupiga picha moja, na picha hiyo hunifikia kwa mtandao. Ndani yake kuna mteremko mweupe na nguzo kumi na moja zilizochimbiwa kwenye barafu. Nguzo zimepakwa rangi kwa vipande, chekundu, cheusi, chekundu, cheusi, na kila kipande ni sentimita kumi. Nahesabu vipande vinavyoonekana juu ya theluji. Vikipungua, theluji imeongezeka. Vikiongezeka, theluji imepungua. Halafu nakadiria ni sehemu gani ya mteremko imefunikwa na ni ipi imebaki barafu tupu, naandika kwenye jedwali, nafunga kompyuta, naenda kukamua ng'ombe wa jioni.

Miezi ya giza ya huko, jua halichomozi hata mchana, na kamera haioni kitu. Miezi hiyo mimi ni mkulima tu.

Majirani walipozoea kazi yangu walianza kuitania. Kuna mama mmoja wa nyumba ya chini ambaye kila akipita na kuni huniuliza dirishani, "Mwalimu, kwako kumenyesha?" Nikisema kumenyesha, husema, "Basi waambie wapunguze, huku sisi tunasubiri." Juni, ukungu unapolala hapa mpaka karibu saa tano na vidole havikunjiki, huja kusimama na khanga mbili mabegani na kusema kwamba kama ni baridi wanayotaka kupima, wangekuja tu Daudi.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya baba. Baba ni mkulima, na shamba lake linapakana na uwanja wa shule ya msingi. Nilipokuwa sijaanza hata darasa la kwanza, waliletwa watu wakachimbia kipimamvua kwenye kona ya uwanja huo, wakatafuta mtu wa karibu atakayekisoma, wakamchagua yeye. Kila asubuhi saa tatu alivuka ua, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji kwenye kioo chenye mistari, akakiinua mpaka usawa wa jicho, akaandika. Aliandika mara mbili, kwenye fomu ya kupeleka wilayani na kwenye kaunta buku lake. Baadaye fomu ziliacha kuletwa na hakuna aliyekuja kueleza kwa nini. Baba aliendelea na kaunta buku. Yako kumi na tisa, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Ni zaidi ya miaka thelathini ya mvua.

Mtaalamu aliyenipa kazi hii alikuja kwetu kwa ajili ya hayo madaftari. Ni mama wa makamo anayefundisha chuo kikuu cha nje. Kazi yake kubwa ni theluji, lakini mwaka ule alikuwa akifuatilia mvua za nyanda za juu, na mtu fulani Mbulu mjini alimwambia kuna mzee huko Daudi mwenye sanduku. Alikaa siku mbili kwenye kigoda chetu akifunua kurasa taratibu na kuzipiga picha moja moja. Mimi nilikuwa nimeacha kufundisha sekondari kule Hanang ili nimuuguze mama, kwa hiyo nilikuwepo kutafsiri. Alisema hajaona mahali pengi rekodi kama hii, ya miaka mingi kiasi hiki bila siku hata moja iliyoachwa tupu.

Baba alicheka kidogo. "Mwambie siku haiwezi kuachwa. Ikishakuja imekuja."

Kabla ya kuondoka mtaalamu alifanya mambo mawili. Kwanza alinipa kazi ya nguzo, kwa sababu alitaka mtu mtulivu asiyechoka kuhesabu, na aliona nimetoka kwenye nyumba ya namna hiyo. Pili alimwahidi baba kwamba madaftari yatakaguliwa, na yakionekana safi yataingizwa kwenye hazina kubwa ya kumbukumbu ambayo watu wanaosoma hali ya hewa duniani huchota humo. Yataingia na jina lake kamili. Mtu yeyote atakayetaka kujua mvua ilivyonyesha Daudi katika miaka ile atakutana na jina la baba.

Baba hajasoma zaidi ya darasa la nne. Alinifanya nimtafsirie ahadi hiyo mara mbili. Tangu siku hiyo, kila nilipofunga kompyuta, aliniuliza swali moja: "Wamesemaje?" Hakuuliza habari za theluji. Alimaanisha madaftari.

Kuhusu theluji yenyewe sikuwa na habari njema za kumpa. Mwaka wa kwanza, mwisho wa msimu wa joto wa huko, nusu ya juu ya mteremko ilibaki nyeupe. Kila mwaka baada ya hapo weupe ule ulianza kuondoka mapema zaidi na kupanda juu zaidi, na chini yake ikatokea barafu ya kijivu, yenye madoa kama bati lililokaa nje miaka mingi. Nguzo zilionekana kurefuka. Nguzo ya nne ilianza kuinama, ikalala, kwa sababu barafu iliyokuwa imeishikilia iliyeyuka mpaka kwenye tako lake. Niliandika: imeanguka. Mwaka uliofuata zilianguka ya pili na ya saba. Ni kazi ngumu kuzihesabu, na si kwa sababu inahitaji akili. Unajua jana palikuwa na vipande vingapi, unajua leo vitakuwa vingapi, na bado lazima uhesabu.

Mwaka huu, kamera ilipoanza kuona tena, mtaalamu aliniandikia ujumbe mrefu kuliko kawaida yake. Alisema nguzo ya sita iliwekewa chombo kidogo kinachopima theluji chenyewe, bila macho ya mtu, na sasa wamelinganisha namba zake na zangu. Kwa sehemu kubwa zinakubaliana. Lakini mwezi wa nne wa mwaka juzi kuna siku tisa mfululizo ambapo mimi nimeandika theluji imeongezeka sentimita mbili, kila siku, siku zote tisa. Chombo hakionyeshi hivyo. Aliuliza kwa adabu kama nilifungua picha za siku zote.

Sikuhitaji kwenda kuangalia. Siku hizo tisa ni za msiba wa mama.

Kwetu mtu akifa, jembe haliinuliwi kitongoji kizima mpaka azikwe. Hata mwenye maharage yanayopasukia shambani huyaacha. Na nyumba iliyofiwa hukaa zaidi. Bibi mzaa mama alinisimulia kwamba zamani nyumba kama hiyo ilijitenga kwa miezi, watu wake wasipite njia moja na wengine wala kuchota maji mahali pamoja. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa na zimebaki siku chache tu, lakini ndani ya siku hizo mkono haushiki kazi. Mama alizikwa, tukakaa. Kompyuta ilikaa kwenye begi lake juu ya kabati, na sikuiwaza. Siku ya kumi nilikuta taarifa ya mwezi inadaiwa. Nilifungua picha ya mwisho kabla ya msiba na picha ya siku ile. Nguzo ya sita ilikuwa imepungua karibu vipande viwili, sentimita kumi na nane. Nikagawanya kwa tisa. Nikazigawa hivyo hivyo na namba za nguzo nyingine zilizokuwa bado zimesimama. Ilichukua dakika kumi na sikuona kwamba nimefanya kosa, kwa sababu ndivyo kazi ilivyofanywa nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto.

Baba alihesabu kipimamvua kuwa jembe. Msiba ukitokea hakukigusa. Matanga yakiisha alikwenda, akakuta maji ya siku zote yamejikusanya kwenye chupa, akayapima, akarudi nayo nyumbani kama namba moja kubwa. Mwanzoni, alipomzika mama yake, aliziacha siku hizo tupu kwenye fomu. Fomu ilirudishwa kutoka wilayani na duara la kalamu nyekundu: siku zote zijazwe. Hakuacha tupu tena. Nilipofika darasa la tano aliniita mezani. "Wewe una hesabu. Milimita thelathini na sita, siku tisa. Gawanya." Nne, nilisema. Akaandika nne mara tisa, kwa mwandiko mzuri, na mimi nikajisikia mkubwa.

Siku zangu tisa nilizirekebisha asubuhi moja, maana picha zilikuwepo. Siku nne za kwanza hazikuwa na theluji kabisa. Ya tano ilikuwa dhoruba. Mbili zilikuwa ukungu mtupu, nikaandika hazisomeki. Halafu upepo ulikuja ukakwangua sehemu ya theluji ile, na nguzo zikarudi kuwa ndefu. Mambo yote hayo yalitokea mama akiwa amelala kanisani na kisha kaburini, na mimi nilikuwa nimeyasawazisha kama uji.

Nilimwandikia mtaalamu ukweli, akanishukuru. Mwishoni mwa barua yake aliongeza mstari kwamba nimwambie mzee madaftari ya mvua yataanza kukaguliwa mwezi unaofuata.

Nilikaa na mstari huo siku tatu. Nilijua watakachokikuta. Mtu akishajifunza kutafuta namba zinazolingana, atazitafuta kila mahali. Na kama wasipoziona, ningekuwa nimewaacha wachote mvua ambayo haikunyesha hivyo. Siku ya nne nilimkuta baba nyuma ya nyumba, kwenye benchi lake, jua likimpiga miguuni. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Anaona mwanga na kivuli. Kipimamvua humsomea mimi, yeye husimama kando akiwa ameshika chupa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wamesemaje?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza habari ya chombo, ya siku zangu tisa, na ya hesabu tuliyokuwa tukiifanya mezani. Alisikiliza akipapasa fimbo yake.

"Kwa hiyo ningewaacha wafu wa watu nikapime mvua?" aliuliza.

"Hapana baba."

"Ningepita na kioo mkononi, watu wanalia, niseme samahani, nakwenda kuangalia maji?"

"Hapana. Ila tungeandika kwamba hayo ni maji ya siku tisa pamoja."

"Fomu ilirudishwa."

"Najua."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema tutoe sanduku. Kama tatizo ni misiba, misiba anaikumbuka. Tuweke alama siku zile tu, tuwaambie hizi ziacheni, zingine chukueni. Ilikuwa na maana. Nilipata tumaini, na nilimwona naye amelipata, kwa jinsi alivyovuta benchi karibu na ukuta kama mtu anayeanza kazi.

Tulikaa siku mbili. Mimi nilisoma, yeye alitaja.

"Sita, sita, sita," nilisoma.

"Mwezi gani?"

"Wa tatu, mwishoni. Daftari la pili."

"Huyo ni mzee wa ng'ambo ya korongo. Alikufa wakati wa kupalilia. Weka alama."

"Tatu na nusu, mara nne."

"Shangazi yako wa Mogitu. Nilikwenda kuzika, na kurudi barabara ikawa imekatika. Weka."

"Kumi na moja, mara tatu."

"Kumi na moja?" Akatabasamu. "Huyo ni fundi wa matofali. Alikuwa mbishi sana. Hata mvua yake haikutaka kupimwa. Weka, weka."

Ilikuwa kama kusoma orodha ya kitongoji chote. Kuna watu sikuwa nimewawaza tangu utoto, na walirudi mbele yangu kwa milimita mbili mbili, tano tano. Alama zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, lakini kati yake palibaki miaka mizima isiyoguswa. Jioni ya siku ya kwanza baba alikula vizuri, akaomba na maziwa ya mgando.

Siku ya pili, daftari la saba.

"Mbili," nilisoma. "Mbili, mbili, mbili, mbili, mbili."

"Mwezi?"

"Wa kumi na moja."

Alipapasa fimbo yake. Nilidhani hajasikia, nikasoma tena.

"Hapo hakufa mtu," alisema.

"Labda ulikuwa umesafiri. Ulikwenda mnadani?"

"Nilikuwa hapa hapa."

"Uliumwa?"

"Sikuumwa." Alinyoosha mguu, akaukunja. "Ukungu ulikuwa mwingi. Nilikuwa nimeshaona kwamba hata nikigawanya hakuna anayejua. Nikawa nangoja chupa ijae kidogo ndipo niende."

"Mara ngapi baba?"

"Sijui. Ungekuwa msiba ningejua."

Niliendelea kusoma mpaka mchana, ingawa nilishajua. Daftari la nane lilikuwa nazo, la tisa lilikuwa nazo nyingi. Mfululizo mwingine aliutaja kwa uhakika, mwingine aliniambia niupite tu. Na kati ya namba zisizolingana, nani angesema ni zipi zilipimwa? Mtu aliyechoka kwenda uwanjani anaweza pia kuchoka kuandika namba moja mara sita, akabadilisha kidogo. Sikumuuliza hilo. Kwenye daftari la kumi alisema, "Inatosha," nikalirudisha kwenye sanduku.

Sina haki ya kumhukumu. Jioni ile nilifungua jedwali langu na kulisoma kama nilivyosoma madaftari yake. Nilikuta siku nne sawa za wiki niliyompeleka baba Haydom hospitali. Nilikuta siku tatu ambazo bando liliisha na sikutaka kupanda kilimani kutafuta mtandao wa jirani. Nilikuta siku sita ambazo sikuzikumbuka kabisa. Zangu zote niliweza kuzirudia, picha baada ya picha, nikamaliza kwa wiki tatu. Mvua ya Daudi haina picha. Iliingia ardhini, ikaotesha mahindi, yakaliwa.

Niliandika barua. Nilieleza desturi ya msiba, fomu iliyorudishwa, na daftari la saba. Niliandika kwa mpangilio, kama ninavyoandika jedwali, na sikuongeza maneno ya kumtetea. Kabla ya kuituma nilimsomea baba kwa Kiswahili. Aliniuliza kama jina lake limo. Nikasema limo. Akasema, "Tuma."

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Mtaalamu aliandika kwa upole, na upole wake ndio ulionionyesha mapema kwamba hakuna njia. Alisema haiwezekani kutenganisha siku zilizopimwa na zisizopimwa, kwa hiyo madaftari hayataingizwa. Alishauri familia iyatunze kama kumbukumbu. Mwishoni alisema jambo la pili, ambalo wakati mwingine lingekuwa ndilo kubwa: huu utakuwa msimu wa mwisho wa kamera. Nguzo zilizobaki zimesimama ni tatu, mteremko unapoteza theluji yake yote kabla majira hayajaisha, na hakuna maana ya kupima kifuniko cha kitu ambacho hakifunikwi tena.

Nilikwenda kumsomea baba pale kwenye benchi. Sehemu ya kamera niliipita haraka. Ya madaftari nilitafsiri neno kwa neno.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, baba."

"Kumi na tisa?"

"Ndiyo."

Mama wa nyumba ya chini alipita na kuni, akatusalimia, akauliza kwangu kumenyesha. Nikamwambia hapana. Akasema na huku hapana, akaendelea na njia yake.

Baba alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea. Kisha akageuza uso upande nilipokuwa. "Ule mwaka wa njaa," alisema, "ulipokuwa kidato cha kwanza. Unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Mwaka ule nilikwenda kila asubuhi. Hata walipokufa watu nilikwenda, nilikwenda kwa kujificha, nikapitia nyuma ya vyoo vya shule. Nilitaka niwe wa kwanza kuiona. Na kila siku nikaandika sifuri." Alinyoosha vidole juu ya goti, akavihesabu, akaviacha. "Zile sifuri ni za kweli. Zile sikugawanya, ungegawanya nini? Waambie basi wachukue zile sifuri tu. Mwaka mmoja."

Nilirudi chumbani nikaandika hivyo hivyo, kwamba mzee anaomba upokelewe mwaka mmoja, ule wa sifuri, na kwamba mimi mwenyewe namwamini. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, mistari miwili. Walisikitika kwamba huo nao hawawezi kuupokea.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Nguzo ya tisa imelala, zimebaki mbili. Asubuhi nikimpelekea baba chai ananiuliza kama wamejibu kuhusu ule mwaka. Namwambia bado.